Shule ya Kifaransa Ng'ambo ya Lhubiriha: Historia, Sura na Hadhi ya Elimu kwa Kifaransa katika Ukanda wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia na sifa za shule ya hadhi inayofundisha kwa Kifaransa, kama inavyoonekana kutoka Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Ukanda huu unapakana na eneo la Beni na Butembo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha ya elimu ya sekondari na chuo kikuu. Hoja kuu ni kwamba hadhi ya shule hizi haitokani na Kifaransa chenyewe, bali na cheti kinachotambuliwa mbali, walimu wanaodumu, na mlango mwembamba wa kuingilia. Kwa hiyo lugha ileile inaheshimiwa sana Butembo na katika shule ghali za Nairobi na Kampala, huku mtoto anayekuja nayo Bwera akirudishwa darasa la chini. Makala yanapendekeza hatua za kisera zinazomlenga mtoto huyo, na yanaonyesha nafasi ya Kiswahili kama daraja.

Utangulizi

Mto Lhubiriha si mpana. Upande mmoja ni Mpondwe, jirani ya Bwera, katika Wilaya ya Kasese. Upande wa pili ni Kasindi, katika jimbo la Kivu Kaskazini. Wenyeji wa pande zote mbili wanaelewana bila mkalimani. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja, na lugha inayoitwa Lhukonzo huku na Kinande kule ni moja, yenye tofauti ndogo za msamiati, matamshi na tahajia. Mpaka uliowagawa ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910, na ukarekebishwa katika eneo la Semliki mwaka 1915.

Mpaka huo uligawa pia shule. Mtoto wa Mpondwe husomea mitihani yake kwa Kiingereza. Binamu yake wa Kasindi husomea yake kwa Kifaransa. Wakikutana sokoni huzungumza lugha ya mama au Kiswahili, lakini madaftari yao hayasomeki upande wa pili. Swali la makala haya ni hili: kwa nini shule ya Kifaransa, inayoheshimiwa kiasi hiki kilomita chache kutoka Bwera, haikuvuka mto? Na ikiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa inataka Kifaransa kivuke, kivuke kwa sura ipi?

Wafaransa wasioacha Kifaransa

Jibu la kwanza limo katika historia ya Uganda yenyewe. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kufika Buganda, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, walifika mwaka 1879 wakitoka katika Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Walikuwa Wafaransa, na wafuasi wao waliitwa hivyohivyo: Mkatoliki wa Buganda aliitwa Mfaransa na Mwanglikana aliitwa Mwingereza, hata kama hakuna kati yao aliyejua neno moja la lugha hizo. Majina hayo yalikuwa bado ya makundi ya kisiasa pale mapigano ya Mengo yalipozuka mwaka 1892. Mapadri Weupe walifika pia Tooro, wakafungua misheni ya Virika, Fort Portal, mwaka 1895.

Mtu angetarajia kwamba Wafaransa hao wangeacha shule za Kifaransa. Hawakufanya hivyo. Kwanza, kanuni yao ya kazi ilikuwa kuhubiri na kufundisha kwa lugha za wenyeji. Pili, chini ya himaya ya Uingereza, Kifaransa kilikuwa mzigo wa kisiasa. Mwaka 1895 Wamisionari wa Mill Hill waliletwa kutoka Uingereza, pamoja na mambo mengine, ili ionekane wazi kwamba Ukatoliki na Ufaransa si kitu kimoja. Tatu, kazi za ukarani zilihitaji Kiingereza, na mzazi aliyempeleka mwanawe shule alitazama kazi hizo.

Chuo cha St. Mary's Kisubi ni mfano ulio wazi. Kilianzishwa Rubaga na Mapadri Weupe mwaka 1906, na mwaka 1926 kikakabidhiwa kwa Mabruda wa Mafundisho ya Kikristo, shirika lililozaliwa Brittany, Ufaransa, ambalo mabruda wake waliofika Uganda walitoka Kanada. Waanzilishi na warithi wao walikuwa watu wa utamaduni wa Kifaransa, lakini shule ilifundisha na kutahini kwa Kiingereza, na heshima yake kubwa ilijengwa kwa Kiingereza. Kilichobaki cha Kifaransa kilikuwa mtindo: bweni, ratiba kali, sala, na imani kwamba shule bora ni ile inayomtenga kijana na kwao ili imrudishe akiwa mtu mwingine.

Kusini mwa Rwenzori hali ilikuwa na uzito wa ziada. Tangu makubaliano ya Tooro ya mwaka 1900, Wakonzo waliwekwa chini ya utawala wa Tooro, na lugha ya kanisa na ya shule za mwanzo ikawa Kitooro. Mtoto wa Bwera alivuka lugha mbili ngeni kabla ya kufika sekondari. Malalamiko kuhusu nafasi za masomo na lugha ya kufundishia yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu, ambalo kiongozi wake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1962, wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walipojiondoa katika baraza la Tooro, suala la nani anafundishwa kwa lugha gani halikuwa dogo. Historia hii inafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuleta lugha nyingine ya shule katika wilaya hii.

Chuo cha misheni upande wa Kongo

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda kinyume. Waasumpsioni walifika eneo la Beni mwaka 1929. Katika Kongo ya Wabelgiji shule za msingi ziliachiwa wamisionari na zilifundisha zaidi kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo upande wa mashariki. Kifaransa kiliwekwa juu, kwa wachache. Sekondari kamili kwa Waafrika ilipewa nafasi kwa kuchelewa, baada ya mageuzi ya mwaka 1948. Mwaka huohuo ilianzishwa kadi ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa évolués, yaani Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika kwa kipimo cha mkoloni. Kifaransa kilikuwa sehemu ya kipimo hicho. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30.

Uhaba huo ndio ulioipa shule ya Kifaransa uzito wake. Katika nchi ambako wachache mno walipita sekondari, aliyepita alionekana. Collège Kambali ya Butembo na seminari ndogo ya Musienene zilipata sifa katika mazingira hayo. Mfano wao ulikuwa ule wa chuo cha Kikatoliki cha Ubelgiji: wavulana watupu hapo mwanzo, Kilatini kwa waliochaguliwa, insha ndefu za Kifaransa, usomaji wa sauti, na adhabu kwa aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani.

Baada ya uhuru, serikali ya Kongo ilifanya Kifaransa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kisha katika miaka ya 1970 ikarudisha lugha za taifa katika madarasa ya mwanzo. Mwaka 1974 shule za makanisa zilitaifishwa. Mwaka 1977 zikarudishwa kwa makanisa kwa mkataba, zikaendeshwa na makanisa chini ya mtaala wa serikali. Mabadiliko hayo yalitikisa ada, mishahara na majengo. Hayakutikisa nafasi ya Kifaransa katika ngazi ya juu. Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, unaofungua mlango wa chuo kikuu, ulibaki wa Kifaransa kutoka Kinshasa hadi Kasindi. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Kwa hatua hiyo ngazi ilikamilika: kijana wa Kinande aliweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza shahada ya Kifaransa bila kutoka katika eneo la watu wake.

Shule ya mtandao wa Ufaransa

Sura nyingine ya shule ya Kifaransa ipo mbali na mpaka. Lycée Denis Diderot ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1962, École française Arthur Rimbaud ya Dar es Salaam, na École française Les Grands Lacs ya Kampala ni shule zinazofuata mtaala wa Ufaransa. Zinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, na zinahusiana na wakala wa elimu ya Kifaransa ng'ambo, AEFE, ulioundwa mwaka 1990. Kilele chake ni baccalauréat. Cheti hicho hakihitaji kutafsiriwa Paris, Montréal wala Dakar, na mtoto wa balozi anaweza kuhamia shule ya mtandao huohuo katika mji mwingine akaendelea na kitabu alichokuwa akikisoma.

Shule hizi zimewekwa katika miji mikuu kwa sababu zinafuata wazazi wenye kazi za kuhamahama: wanadiplomasia, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara, na familia tajiri za wenyeji. Hazikuundwa kwa ajili ya mtoto wa mchuuzi wa mpakani. Jambo hili si kosa lao. Ndilo lengo lao. Lakini mshauri wa sera anaposema kwamba Uganda tayari ina shule ya Kifaransa, afahamu ni ya nani.

Tofauti kati ya sura hizi mbili inagusa hata lugha yenyewe. Kifaransa cha Kongo kimerithi mengi kutoka Ubelgiji. Sabini huitwa septante na tisini nonante, wakati kitabu kilichochapishwa Paris husema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mwalimu wa Kifaransa aliyesomea Kampala kwa vitabu vya Paris anaweza kumsahihisha mtoto wa Kasindi mahali ambapo mtoto hajakosea.

Hadhi inatokana na nini

Ukilinganisha Kisubi, Kambali na Diderot, unaona kwamba lugha zao ni tofauti lakini nguzo za hadhi ni zilezile. Nguzo ya kwanza ni cheti kinachosafiri. Mzazi hanunui lugha. Ananunua mlango ambao lugha hiyo inaufungua. Ya pili ni walimu wanaodumu. Shirika la kitawa au wakala wa serikali ya mbali huweza kumweka mwalimu mahali pamoja miaka mingi, jambo ambalo shule ya kawaida ya mpakani, yenye mshahara unaochelewa, haliwezi. Ya tatu ni uteuzi, kwa mtihani, kwa ada, au kwa vyote viwili. Shule inayochagua wanafunzi hodari huonekana kufundisha vizuri hata pale inapofundisha kwa wastani.

Nguzo hizi zinaeleza kwa nini Bwera haikuzaa shule ya Kifaransa. Uhitaji wa Kifaransa upo: forodhani, sokoni, hospitalini na parokiani. Lakini cheti cha Kifaransa hakifungui mlango wowote wa kitaasisi nchini Uganda bila kupitia ulinganishaji, na mwalimu wa Kifaransa mwenye sifa hupata kazi yenye malipo bora mjini. Hata Kasese, mji uliokua kwa reli iliyofika mwaka 1956 na kwa shaba ya Kilembe, ulivuta wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichopata nafasi miongoni mwao, si Kifaransa.

Mtoto anayevuka

Gharama ya mgawanyiko huu hailipwi na shule. Inalipwa na mtoto. Tangu miaka ya 1990, vita vya mashariki mwa Kongo vimesukuma familia nyingi kuvuka, na Wakongo ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi walioko Uganda. Wengine huvuka bila kuwa wakimbizi, kwa sababu wazazi wanaamini kwamba Kiingereza kitawafaa watoto wao. Usalama nao si wa upande mmoja. Waasi wa ADF walishambulia eneo la Mpondwe mwaka 1996, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 walishambulia shule ya sekondari ya binafsi hapohapo Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Katika ukanda huu, kuchagua shule si kuchagua lugha tu.

Chukulia mtoto wa Kasindi aliyefika mwezi wa Januari akiwa katikati ya darasa la 5. Mwaka wa shule wa Kongo huanza Septemba; wa Uganda huanza mwezi wa kwanza au wa pili. Tayari nusu mwaka iko hatarini. Kongo ina miaka 6 ya msingi, ikifuatiwa na 2 ya elimu ya msingi ya juu na 4 ya humanités, jumla 12. Uganda ina 7, kisha 4, kisha 2, jumla 13. Darasa la 5 la huku si darasa la 5 la kule. Ripoti yake imeandikwa kwa Kifaransa na alama zake ni asilimia. Katika mfumo wa Kongo nusu ni kufaulu, na asilimia 62 hutazamwa kuwa alama nzuri. Mwalimu mkuu wa Uganda amezoea mfumo ambao daraja 1 ni bora kuliko 9, na ambao mtahiniwa bora wa darasa la 7 hupata jumla ya 4. Asilimia 62 machoni pake ni ya mtoto wa kawaida.

Kwa kuwa mtoto hajui Kiingereza, hupimwa kwa lugha asiyoijua na kuwekwa darasa la 3 au hata la chini. Hesabu anayoijua anaanza kuisoma upya. Ana umri wa miaka 12 na anakaa na wa miaka 8. Wasichana hasa huacha shule katika hali hiyo. Neno linaloandikwa katika rejista ni kwamba mtoto ni dhaifu, na hakuna safu ya kuandika kwamba lugha ndiyo iliyobadilika.

Nafasi ya Kiswahili

Mtoto huyohuyo ana lugha mbili zinazoeleweka pande zote: Lhukonzo, yaani Kinande, na Kiswahili. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 uliruhusu lugha za maeneo katika madarasa 3 ya mwanzo. Kwa upande wa Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huohuo Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tayari mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikuwa wameridhia Kiswahili na Kifaransa kutumika pamoja na Kiingereza.

Tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha Kasindi si cha kitabu cha Dar es Salaam. Huko mtoto huenda "masomo", si "shule". Huingia "kalasi", si "darasa". Na huandika kwa "biki". Mwalimu wa Bwera akiyachukua maneno hayo kuwa makosa, atakuwa amerudia kwa Kiswahili kile kilichofanywa kwa Kifaransa na Kiingereza. Ya pili ni kwamba Kiswahili nchini Uganda bado kinabeba kumbukumbu za kambi ya jeshi na za tangazo la Idi Amin la mwaka 1973. Kitakubalika kwa faida inayoonekana, si kwa amri.

Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba shule ya Kifaransa yenye hadhi si kitu kimoja. Kuna chuo cha misheni cha Butembo, kilichojengwa juu ya uhaba. Na kuna shule ya mtandao wa Ufaransa, iliyojengwa kwa wanaohamahama kwa hiari. Hakuna kati ya hizo iliyoundwa kwa wanaohama kwa kulazimika. Kujenga nyingine ya aina hiyo Kasese kungeipa wilaya jengo la kujivunia na kumwacha mtoto wa Kasindi pale alipo.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, wizara za elimu za Uganda na Kongo zikubaliane juu ya hati moja ya uhamisho, iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yenye jedwali la ulinganifu wa madarasa na alama. Hii ni kazi ya karatasi chache, na inaweza kuokoa miaka ya mtoto. Pili, mtoto anayevuka apimwe hesabu na usomaji kwa lugha anayoijua kabla ya kupangiwa darasa. Tatu, Kifaransa kifundishwe kama somo katika sekondari za Bwera na Mpondwe, kwa kuwatumia pia walimu Wakongo ambao tayari wanaishi Uganda, mara sifa zao zitakapotambuliwa. Nne, vitabu vya madarasa ya mwanzo vya Lhukonzo na Kinande viandikwe kwa tahajia iliyokubaliwa pande zote mbili.

Mapadri Wafaransa walipita hapa wakiacha mtindo wa shule bila lugha yao. Wabelgiji waliacha lugha ng'ambo na kuifanya ngazi ya wachache. Jumuiya ina nafasi ya kufanya jambo la tatu: kukifanya Kifaransa kuwa somo la jirani, linaloanzia katika lugha ambazo jirani huyo tayari anazizungumza.